Kule Ziwani Hatukwenda Kutembea

Nipo pale pale mliponiacha, mezani hotelini Brescia, kipande cha mkate kimenikwama kooni.

Kwa aliyekosa sehemu za nyuma, nitamsimulia kwa kifupi. Mimi naitwa Duilio Bressan, fundi wa vigae kutoka Rovigo. Kazi niliiacha magoti yalipogoma. Mke wangu Loredana ni mpishi wa shule ya watoto wadogo. Mungu alitupa mtoto mmoja, Denis. Mwaka juzi, usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, pikipiki ilimuua kwenye barabara ya Adria. Madaktari walituuliza kama viungo vyake vinaweza kuwapa wengine uhai. Tukakubali.

Tangu siku hiyo Loredana alinipikia, akanifulia, akaishia hapo. Maongezi yakafa ndani ya nyumba.

Halafu Pasaka hii, bila mtu kumuuliza, akasema: "Mzee, twende tukatembee. Polepole, kama watu wenye nafasi zao. Miji ya zamani, maziwa, maua. Hatujawahi."

Nilifurahi kama bwana harusi. Mantova alikula tambi za boga, akaomba sahani ya pili. Verona alinunua kofia ya majani yenye utepe wa buluu. Sirmione, pale Ziwa Garda linapopiga mawe, alinishika mkono mbele za watu. Nikajisemea kimoyomoyo: mke wangu amerudi.

Ndipo asubuhi ile, Brescia, alipoweka kikombe chini na kuniambia: "Duilio, hatukuja kutembea."

"Tumekuja kufanya nini?"

"Kuna mtu kisiwani, Ziwa Iseo. Anaitwa Tino. Ana moyo wa Denis."

Meza ya jirani Wajerumani wawili walikuwa wakigombea asali. Niliwatazama wao, maana yeye sikuweza kumtazama.

"Nani kakwambia?"

"Televisheni. Nilikuwa saluni kwa Nives, nimepakwa rangi kichwani. Wakamwonyesha mtu anafuma nyavu, anasema alipandikizwa moyo mwaka juzi, usiku wa kuamkia Mtakatifu Yosefu. Anasema ulikuwa wa kijana mdogo wa kule kwetu tambarare. Duilio, rangi ilinichuruzika mpaka shingoni sikusikia."

"Nchi hii ina mioyo mingi."

"Usiku ule mmoja? Kijana mmoja?"

"Ulimwona lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Kabla ya Krismasi! Msimu mzima wa baridi tumekaa jiko moja, tunakunywa supu tukitazamana, na jambo hilo analo mdomoni kama peremende.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Na sasa je?"

"Sasa uko Brescia. Ziwa liko hapo nyuma ya mlima. Utakataa nini?"

Nilimkumbusha kwamba sheria hairuhusu. Tuliambiwa wazi kule hospitali: ninyi hamtawajua wao, wao hawatawajua ninyi. Wana sababu zao.

"Sababu ni zao," akasema. "Mtoto ni wangu."

"Ni wetu."

"Basi vaa viatu."

Sikuvaa. Kulikuwa na swali linaniwasha, nikaona nikilimeza litanitoboa.

"Na Verona?"

"Verona ilikuwa njiani."

"Na kofia?"

"Nimwendee mtu kama yule kichwa wazi?"

"Na Sirmione? Pale uliponishika mkono?"

Alikusanya makombo ya mkate kwa ukucha, akayapanga ukingoni mwa sahani.

"Nilikuwa naogopa, mzee. Ningemshika yeyote."

Watu huulizana ni neno gani baya zaidi mwanamke anaweza kumwambia mumewe. Wanataja matusi. Mimi sikutukanwa. Niliambiwa hilo tu, kwa upole, na mtu aliyelala ubavuni mwangu tangu nikiwa na nywele.

Nikavaa viatu.

Tulichukua treni ndogo inayozunguka ziwa, tukashuka Sulzano, tukapanda boti ya kwenda kisiwani. Ndani yake mlikuwa na akina mama wamebeba manunuzi yao, na mwanamume mmoja anavusha godoro. Loredana alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Nitamwambia nini?" akaniuliza.

"Si wewe uliyepanga?"

"Nilipanga mpaka kwenye boti tu."

Nilitaka kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuzungumza nami kama zamani.

"Sitaki kitu kwake," akaendelea. "Nimwone tu amesimama. Anafanya kazi, anagombana na mtu, anakohoa. Nikimwona hivyo narudi nyumbani, nakupikia, nazungumza na wewe. Nakuahidi."

"Na kama siye?"

"Nitajua."

"Utajuaje?"

"Wewe uliweka vigae, mimi nilimbeba tumboni. Usiniulize nitajuaje."

Niwaambie nilichokuwa nakiomba wakati ule. Niliomba yule mtu asiwepo. Awe kwa jamaa zake, awe sokoni, awe popote. Niliomba hivyo kwa sababu nilimwonea wivu. Mtu nisiyemjua amebeba kitu cha mwanangu kifuani, na mke wangu amemvalia kofia.

Boti ikagusa gati. Kisiwani magari hayaruhusiwi, kwa hiyo kimya cha pale ni kimya kweli. Tuliingia baa ya kwanza kuuliza njia. Nyuma ya kaunta alikuwepo mama mnene anafuta glasi.

"Karakana ya Tino? Ya nyavu?" Alitukagua kuanzia kofia mpaka viatu. "Ninyi watu wa kodi?"

"Sisi watu wa Rovigo," nikasema.

"Hujanijibu, baba. Hata Rovigo kodi wanalipa, au siyo?"

Wazee waliokuwa wakicheza karata wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwache, Palmira, ukimtisha ataondoka bila kunywa." Tukanywa kahawa ili tuaminike. Ndipo Palmira akaelekeza kwa kitambaa chake: "Njia ya kanisa, mlango wa kijani. Ivana yupo."

Loredana alikuwa ameshatoka mbio. Hakusikia vizuri. Mimi nilisikia. Tulimuulizia Tino, akasema Ivana yupo.

Njia ilikuwa ya mawe, inapanda. Kabla ya mlango wa kijani, Loredana akasimama ghafla, akakaa kwenye benchi chini ya ukuta.

"Siwezi. Miguu imekufa."

"Turudi basi."

"Nani kasema turudi? Nenda wewe kwanza. Kaangalie kama yupo, kama ana wageni. Usimwambie kitu. Jifanye mteja."

"Mteja wa nini mimi?"

"Wa nyavu, Duilio! Tangu lini umekosa uongo?"

Nikaenda.

Ndani, nyavu zilining'inia kutoka darini kama nguo zilizoanikwa. Mwanamke wa makamo, nywele fupi, alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga mafundo. Mikono yake ilienda yenyewe, macho yakanitazama mimi.

"Karibu, bwana. Goli au samaki?"

"Goli," nikasema. "La parokia. Watoto wamechana wavu."

"Watoto hawachani wavu. Padre wenu alinunua wa bei rahisi. Upana gani?"

Maisha yangu yote nimepima sakafu za watu, na hapo sikuwa na kipimo hata kimoja kichwani.

"Wa kawaida."

"Kawaida ya wakubwa au ya watoto?"

"Ya watoto."

Akacheka kidogo. "Bwana, wewe umetumwa. Mwenye shida angekuja na kamba ya vipimo."

"Bwana Tino hayupo?" nikauliza, kama mtu anayeuliza saa.

Fundo likakomea katikati.

"Wewe si wa hapa ziwani," akasema.

"Si wa hapa."

"Nimejua. Ungekuwa wa hapa, tungeonana mazishini. Tino tulimzika Februari."

Nilikaa. Sijui nilikalia nini, baadaye niliona ni marundo ya kamba. Februari. Mimi na Loredana tulikuwa jikoni Rovigo, tunatazamana juu ya supu. Denis alikufa tena mwezi ule na hakuna aliyekuja kugonga mlango wetu.

Ivana alidhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Na kwa kuwa msiba wake ulikuwa bado mbichi, hakuhitaji kuulizwa. Wafiwa tuko hivyo. Mtu akikaa tu mbele yetu, tunaanza.

"Alikuwa na moyo wa kupewa," akasema. "Tulikaa nao vizuri mwaka mzima na zaidi. Mwisho mwili ukaukataa. Madaktari walihangaika, wapi."

"Pole sana, mama."

"Asante. Lakini ule mwaka, bwana! Kabla yake nilikuwa namlisha kwa kijiko. Halafu akanirudia yule yule niliyeolewa naye. Alipanda kwa miguu mpaka kanisa la kileleni. Akaanza tena kuniudhi. Tuligombania chumvi, tukagombania dirisha. Unajua raha ya kugombana na mtu uliyeshaanza kumlilia?"

Sikujua. Ningetoa chochote nijue.

"Aliuita kijana," Ivana akaendelea, na hapo tabasamu lilimtoka. "Tukiwa tumelala, moyo ukianza kwenda mbio, ananigusa: Ivana, kijana hataki kulala leo. Basi tunakaa, tunamsubiri kijana achoke."

"Hakuwa mtu wa kulala," nikasema. "Tangu mdogo. Denis ukimlaza huku anatokea kule."

Yalinitoka hivyo hivyo. Sikuyatuma.

Ivana akaweka chini kijiti chake cha kufumia. Alinitazama, uso umempauka.

"Umesema nani?"

Nilitafuta uongo, nikakosa.

"Denis."

"Pikipiki," akasema. "Nesi mmoja aliponyokwa na ulimi. Kijana wa pikipiki, alisema, kutoka Rovigo."

Nikaitikia kwa kichwa.

Aliinuka. Akaenda kwenye beseni pembeni, akanawa mikono kwa sabuni, akakausha vidole vyote, kimoja kimoja. Ndipo akaja akanishika uso kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshika kitu cha watu.

"Denis," akasema polepole. "Tulimwombea misa bila jina. Padre alikuwa anasema tu, yule kijana. Nisamehe, bwana. Tulipewa tukashindwa kuutunza."

"Usiseme hivyo."

"Dawa alikunywa zote. Sigara aliacha. Nakuapia kwa watoto wangu."

"Mama, usiniapie. Nakuomba."

Tulilia, sioni sababu ya kuficha. Wazee wawili wasiojuana, katikati ya nyavu za magoli. Na niwaambie jambo la ajabu: wivu ulikwisha. Nilitamani huyo Tino awe hai, anigombeze kuhusu dirisha.

Halafu Ivana akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Na mama yake? Yu hai?"

"Yuko hapo nje kwenye benchi. Amevaa kofia mpya."

"Anajua?"

"Anajua Tino yupo. Alimwona kwenye televisheni. Tumetoka Rovigo, mji kwa mji, ili amwone amesimama. Hivyo tu. Amwone, arudi nyumbani."

"Yesu na Maria."

Nikaanza kumbembeleza. "Mwambie amesafiri. Mwambie yuko Milano hospitali anapimwa, yuko kwa ndugu zake, chochote. Aone nyumba yake, aone nyavu zake, nimchukue twende."

"Na kesho akitaka kurudi?"

"Kesho niachie mimi."

"Mtamkwepa mpaka lini?"

"Mpaka apate nguvu. Mama Ivana, mimi nimeishi na maiti miaka miwili. Juzi tu kaanza kula. Juzi tu kacheka. Ukimwambia leo, nitarudi na maiti nyumbani."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua aproni yake, akaitundika kwenye msumari.

"Siku Tino alipokata roho," akasema, "mawifi zangu walinificha toka asubuhi mpaka jioni. Eti nisishtuke. Walinipa supu. Nikanywa supu, bwana, nawauliza anaendeleaje, wananijibu anapumzika. Kijiji kizima kinajua, mimi nakunywa supu. Sijawasamehe mpaka leo. Jambo hilo simfanyii mwanamke mwenzangu. Na huyu kuliko wote."

"Atavunjika."

"Atavunjikia mikononi mwangu. Mimi namdai? Yeye ndiye ananidai."

Akaelekea mlangoni. Nikamtangulia, nikaegemea mlango kwa mgongo. Sijawahi kumzuia mwanamke njia katika maisha yangu, na hapo nilimzuia mjane ndani ya karakana yake mwenyewe.

"Niachie mlango wangu, bwana."

"Dakika chache tu, tufikiri."

"Mlikuwa na baridi nzima ya kufikiri. Mngekuja Krismasi mngemkuta amekaa hapo, anakula keki na kunilalamikia."

Kauli hiyo ilinimaliza. Nilikuwa naelekea kumpisha.

Ndipo tukasikia kicheko nje.

Nilikifahamu kicheko kile. Ndicho kilichonifanya nimfuate msichana mmoja barabara nzima ya Rovigo, enzi zile, nikijifanya nimepotea. Si kile kidogo cha kwenye safari, cha kunifurahisha. Kile chenyewe. Na ndani ya kicheko mlikuwa na kilio, vimechanganyika.

Nikatoka mlangoni. Ivana akatoka nyuma yangu.

Kwenye njia ya mawe palikuwa na mkokoteni uliojaa kamba, umeachwa upande. Mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu, alikuwa amesimama mbele ya benchi, mikono ameitanua hewani kama mtu anayepimwa na fundi cherehani. Koti lake lilikuwa wazi. Kofia ya Verona ilikuwa chini, imekanyagwa. Na mke wangu alikuwa amelaza sikio lake kifuani kwa mtu yule, macho amefumba.

Kwa nukta moja akili yangu ilikubali. Nilidhani Ivana amechanganyikiwa kwa huzuni, kwamba Tino yuko hai, huyu hapa.

Halafu nikasikia vidole vya Ivana vinauma mkono wangu.

"Bortolo," akanong'ona. "Shemeji yangu. Ni kaka yake Tino, mtu asiyewajua hawezi kuwatofautisha. Mwezi wote ule wa msiba nilikuwa nikimwona kwa mbali nageuza njia."

Loredana alifumbua macho, akaniona. Sijui niwaelezeje uso ule. Ulikuwa uso wa siku aliyojifungua.

"Mzee!" akaita. "Nimemjua kabla hajafungua mdomo! Nimemwambia mimi ndiye mama wa yule kijana, akafungua koti. Hakuniuliza hata swali moja. Hata moja!"

Yule Bortolo alikuwa analia bila kupangusa, machozi yanamdondokea Loredana kwenye nywele. Alikuwa ameelewa kila kitu kwa sekunde moja, maskini, na kwa sekunde hiyo hiyo amekosa nguvu ya kusema hapana.

"Moyo unapiga vizuri, Duilio," mke wangu akasema. "Una nguvu. Njoo." Akasogea kidogo, bila kuutoa uso wake pale, akanipisha nafasi upande wa pili wa kifua cha mgeni yule. "Njoo umsikie mwanao."

Kando yangu nilisikia Ivana akivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema.

Na Bortolo, juu ya kichwa cha mke wangu, aliniangalia mimi, akachezesha midomo bila sauti: Nifanye nini?